Nimekuja likizo Dodoma, nimegeuka wakili wa mtaa

Siku ya tatu tangu nifike kwa mama, Nkuhungu, kutoka Uingereza, hata zawadi sijamaliza kugawa, naambiwa kuna kijana barazani ananisubiri tangu saa moja asubuhi. Nikamkuta kakaa kwenye kigoda, bahasha ya kaki magotini, kaishika kwa mikono miwili utadhani kabeba trei ya mayai. Ni mtoto wa binamu yangu, kwao Kongwa. "Shikamoo shangazi." Marahaba. Za Kongwa, mvua mmepata? Wamepata, mahindi yameota. Hapo ndipo bahasha ikafunguliwa.

Ndani kulikuwa na karatasi moja nzito, nzuri kweli. Bendera ya Uingereza juu, muhuri wa rangi ya dhahabu chini, jina lake katikati kwa herufi kubwa. "Hii ndiyo COS yangu, shangazi. Nimebakiza milioni tatu tu ndiyo wanikatie tiketi. Naomba uniangalizie kama iko sawa."

Sikuhitaji kuisoma. COS, yaani cheti cha udhamini, inaitwa cheti lakini si kitu cha kuweka kwenye fremu. Mwajiri mwenye leseni ya kudhamini wageni anaingiza taarifa zako kwenye mfumo wa Wizara ya Mambo ya Ndani ya Uingereza, wewe unapewa namba. Namba hiyo unaiandika kwenye maombi yako ya visa ndani ya miezi mitatu, basi. Yangu ilikuja kwenye baruapepe ya mistari minne, hakuna bendera wala dhahabu. Halafu hata angekuwa na namba, isingemsaidia. Tangu tarehe 22 Julai 2025 Uingereza imeacha kuajiri watu wa kazi ya kea, yaani kuhudumia wazee na wagonjwa, kutoka nje. Aliyeko kule tayari anaweza kuhama mwajiri kwa masharti. Aliyeko Kongwa hawezi. Karatasi yake iliandikwa Oktoba.

Nikamuuliza ameshatoa kiasi gani. Milioni nne. Zimetoka wapi? Akaangalia chini. "Baba aliuza ng'ombe watano." Kisha akasema neno ambalo limenikaa kifuani mpaka leo: "Si wewe ulipita hivyo hivyo, shangazi, na watoto ukawachukua?"

Ni kweli nilipita hivyo hivyo. Ndiyo maana naandika.

Mwaka 2023 nilikuwa muuguzi msaidizi kwenye zahanati, mshahara unaujua. Mtu akaniunganisha na ajenti wa Dar, mchongo wa kea, milioni kumi na sita kwa awamu. Nililipa. Visa yenyewe wakati ule ilikuwa pauni 284, haikufika hata milioni moja ya kwetu. Weka kipimo cha kifua kikuu, weka tiketi ya ndege. Hizo nyingine mpaka leo sijapewa hesabu yake. Visa ilitoka tarehe 19 Januari 2024 na Februari nikawa nimeshafika. Mimi na baba watoto tulikubaliana nitangulie, nijipange, kisha yeye na watoto wawili wafuate.

Tarehe 11 Machi 2024 sheria ikabadilika: wanaoingia kwenye kazi ya kea hawaruhusiwi tena kuleta mume, mke wala watoto. Nilikuwa sijamaliza hata miezi miwili. Kwenye magrupu ya Watanzania watu walikuwa wanatumiana emoji za kulia, na mimi nikaamini yamekwisha. Nilipiga simu nyumbani, mume wangu akanyamaza kidogo, akaniuliza kama nimekula.

Kazini nako mambo yakaharibika. Mkataba ulisema saa 39 kwa wiki, nikawa napewa 12, wiki nyingine 15. Mwajiri akanyang'anywa leseni. Septemba 2024 ikaja barua ya wizara: una siku 60, tafuta mdhamini mwingine au ondoka. Barua ile niliisoma nikiwa kwenye ngazi za bibi mmoja wa miaka tisini na mbili ninayemhudumia, naye ndani anaita chai yake.

Nilimpigia nani? Ajenti yule yule! Ukitaka kujua mtu anavyofungwa akili, ndivyo hivyo. Akasema mdhamini mpya ni milioni tisa. Familia "ilishafungwa Machi", ila ana mtu wa ndani, milioni kumi na mbili kwa watu watatu. Akanitumia na mchanganuo, ndani yake kuna mstari wa "ada ya afya". Mume wangu akamwita dalali wa viwanja kuangalia kiwanja chetu cha Ihumwa, kile tulichonunua kabla serikali haijahamia Dodoma na bei kupaa.

Aliyenizuia ni dada mmoja wa Kitanzania ninayesali naye. "Kabla hujatuma hata senti, kamuone mwanasheria wa uhamiaji." Nilimwona kama ananiongezea gharama. Kwetu wakili anaitwa mambo yakishaharibika: kesi ya kiwanja, kesi ya mirathi, mtu yuko ndani. Huendi kwa wakili kuuliza njia. Halafu nikagundua kwamba kule England msaada wa kisheria wa serikali haugusi visa za kazi. Uliondolewa kwa sheria ya mwaka 2012 iliyoanza kutumika Aprili 2013. Vituo vya hisani vipo na vinasaidia bure, lakini foleni yao ilikuwa wiki tatu, na mimi siku zangu zinahesabika. Nikajikamua pauni 120 kwa saa moja.

Mwanasheria yule hakunipa pole. Wenzetu saa ni saa. Aliuliza, "Visa yako ya kwanza ilitolewa lini?" Nikamwambia. Akaandika tarehe kwenye karatasi, akachora mstari, upande wa pili wa mstari akaandika 11 Machi. Katazo la familia, akasema, ni la walioingia kwenye njia hii kuanzia tarehe hiyo. Wewe ulikuwa ndani tayari. Haki ya kuwaleta wategemezi unayo, na hata ukibadilisha mwajiri unayo, ili mradi ubaki kwenye kazi ile ile na visa yako isikatike katikati. Kwa hiyo peleka maombi mapya kabla siku 60 hazijaisha, na usianze kazi kwa mwajiri mpya mpaka jibu litoke.

Kisha akachukua mchanganuo wa ajenti, akapiga mstari kwenye "ada ya afya". Visa ya afya na kea imesamehewa ada ile, mwenye visa na familia yake wote. Kwa visa nyingine za kazi ni pauni 1,035 kwa mtu mzima kwa mwaka, kwa hiyo jina la ada ni la kweli, ndiyo maana nilimeza. Uongo wa hawa watu huwa umechanganywa na kitu cha kweli.

Miezi sita na zaidi nilikuwa nalia juu ya mlango ambao haukufungwa kwangu.

Kazi nilitafuta mwenyewe, maombi arobaini na kitu, mpaka nyumba moja ya wazee ikanichukua. Maombi yangu yaliingia siku ya 51. Nikakaa wiki saba bila mshahara nikisubiri jibu, nalala sebuleni kwa yule dada wa kanisani, nampikia ugali na kumwoshea gari. Desemba visa ikatoka.

Sasa ikaja zamu ya Dodoma, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu wengi wanadhani visa ya familia inakwamia Ulaya. Yetu ilikwamia kwa mtendaji wa mtaa.

Mtoto wetu mkubwa hakuwa na cheti cha kuzaliwa. Alikuwa na lile tangazo la hospitali na kadi ya kliniki, tukaona yatosha, shule walimpokea. Mdogo cheti alikuwa nacho, lakini jina la mama limeandikwa lile la Kigogo ninaloitwa nyumbani, wakati pasipoti yangu ina jina la ubatizo. Mwanasheria alinieleza vizuri kwenye simu: afisa anayesoma faili hajui Mgogo wala Mrangi, yeye anaona wanawake wawili tofauti. Basi mume wangu akaenda kwa wakili mmoja pale mjini, mimi nikaandaliwa hati ya kiapo, nikaapa kule kule nilipo, kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja. Kwa cheti cha mkubwa ikawa RITA, wale wa usajili wa vizazi, kwenye ofisi ya mkuu wa wilaya: kadi ya kliniki, viapo, barua ya mtendaji. Na mtendaji, siku tatu mfululizo, hayupo. Yuko kwenye ziara. Dodoma siku hizi ukitaka barua uchungulie kwanza kama hakuna kiongozi anayezindua kitu. Siku ya nne mama yangu alikwenda na mkeka wake akakaa mlangoni. Barua ikapatikana.

Barua za Kiswahili lazima zitafsiriwe, na mfasiri aandike jina, sahihi, tarehe na mawasiliano yake, athibitishe kwamba tafsiri ni sahihi. Ya kwanza alitufanyia shemeji bure, Kiingereza kizuri kabisa, ila hakuweka hata sahihi. Tukarudia.

Fedha nazo. Kwa mume ni pauni 285, mtoto wa kwanza 315, wa pili 200. Jumla 800, na zikae kwenye akaunti siku 28 bila kushuka hata siku moja. Siku ya kumi na tisa mama akalazwa hospitali ya General. Niliazima hela ya dawa kwa watu watatu, akaunti sikuigusa. Kwa mtu mwingine hadithi hii itasikika ya ukatili. Mama mwenyewe nilimweleza, akasema ningeigusa angenichapa.

Machi 2025 tukalipa pauni 284 mara tatu, 852. Huko nyuma ajenti alitaka milioni kumi na mbili. Kipimo cha kifua kikuu na alama za vidole ni Dar, Dodoma hakuna, kwa hiyo wakapanda SGR, shilingi 31,000 mtu mzima daraja la kawaida. Watoto hawakuwahi kupanda treni. Waliposhuka Dar, mdogo akamuuliza baba yake kama hapa ndiyo Ulaya. Mume wangu alipigwa picha ya kifua. Watoto wadogo kwa kawaida wanaangaliwa na daktari tu. Juni walitua. Yeye sasa hivi, wakati mimi nimekuja na watoto, yuko ghalani anabeba maboksi kweli kweli, si ya kwenye utani.

Hayo yote nilimsimulia kijana wa Kongwa mpaka chai ikapoa. Akasema, "Lakini kampuni ipo shangazi, nimeitafuta kwenye simu." Nami nikaitafuta. Ipo kweli, na kwenye orodha ya serikali ya Uingereza ya waajiri wenye leseni ipo, orodha ambayo yeyote anaifungua bure. Jina halisi, ajenti wa uongo. Tukaandika baruapepe kwa anwani iliyoko kwenye tovuti ya kampuni yenyewe, siyo ile ya kwenye karatasi. Kesho yake wakajibu: huyu mtu hatumjui, na hatuajiri kutoka nje.

Akaniuliza sasa mtu atamjuaje mshauri wa kweli. Kwa Uingereza si kazi ngumu. Anayetoa ushauri wa uhamiaji awe wakili, au awe amesajiliwa na taasisi ya serikali iitwayo Immigration Advice Authority, ambayo mpaka Januari 2025 ilijulikana kama OISC. Daftari lao liko wazi, unaandika jina unaona. Kutoa ushauri huo bila usajili ni kosa la jinai kule tangu sheria ya 1999. Tatizo ni kwamba mkono wa sheria ile haufiki Kariakoo. Kwa upande wetu wakala binafsi wa ajira anatakiwa awe na leseni ya serikali, na wizara ziko hapa hapa Mtumba, daladala moja, unaweza kuuliza kabla hujauza mfugo. Jambo jingine analopaswa kulijua: tangu 31 Desemba 2024 mwajiri wa Uingereza haruhusiwi kumtoza mfanyakazi wa visa hizi gharama ya hiyo COS. Mtu akikuambia unalipia COS, hapo hapo ameshajitambulisha.

Tulikwenda polisi juzi. Afande alikuwa mpole, akachukua maelezo, akatoa RB. Malipo yote yalikwenda M-Pesa kwa namba ya mtu binafsi, na kijana alikuwa ametunza kila ujumbe, hapo nilimsifu. Ajenti bado anapiga simu kudai milioni tatu. Hajui.

Wala baba yake hajui. Yeye anasubiri kuambiwa tarehe ya ndege. Kijana ameniomba niseme mimi, nimekubali, kesho alfajiri tunapanda gari ya Kongwa. Mama ameshamfunga jogoo miguu, yuko pale jikoni analia. Anasema kwa watu waliouza ng'ombe watano haendwi mikono mitupu.