Namba Zinakaa Wapi Kichwani?

Leo nimewasumbua watu wa nyumbani kwa jaribio la Richard Feynman, mwanafizikia wa Marekani. Alipokuwa mwanafunzi Princeton aligundua kwamba anaweza kuhesabu kimoyomoyo huku akisoma, ila akianza kuzungumza, hesabu inapotea. John Tukey, mwanahisabati, alikuwa kinyume chake: anahesabu huku anapiga soga, lakini kusoma hawezi. Kumbe Feynman alikuwa akijisemea namba ndani kwa ndani, na Tukey akiziona zikipita kwenye utepe.

Mimi ni wa Feynman. Mume wangu kuniuliza tu kama chai ina sukari, namba zote zikaniponyoka. Binti wa dada yangu, yuko darasa la nne, akahesabu huku ananisimulia ugomvi wa shuleni, wala hakukwama. Nikamuuliza, namba unaziona wapi? Akanyoosha kidole hewani. "Si hizi hapa, mama mdogo!"

Sasa hapo watu wengi wangeshampa jina: huyu ni mtoto wa kuona, afundishwe kwa picha. Mimi sina haraka hiyo. Mwaka 2008 Harold Pashler, mwanasaikolojia, na wenzake walipitia tafiti za mitindo ya kujifunza, wasikute ushahidi wa kutosha kwamba kumfundisha mtu kwa mtindo wake kunamfanya aelewe zaidi. Naona wana haki. Tajwidi, yaani kanuni za kuisoma Kurani kwa matamshi sahihi, haifundishwi kwa picha, na ramani ya Afrika huwezi kuiimba. Huyuhuyu wa kuona namba hewani, sura zake za Kurani za chuoni kazishika kwa sikio kama wenzake wote.

Faida niliyoiona mimi ni ndogo, ila ni ya kweli: kumuuliza anafanyaje humo kichwani. 402 kutoa 178 alikuwa akipata 376 kila mara, na daftari limejaa alama za kosa. Nikamwambia anieleze anachokiona. "Nane ni kubwa halafu iko chini, kwa hiyo naipandisha juu." Saba nayo kaipandisha juu ya sifuri. Kwa hiyo si uzembe, ana kanuni yake na anaifuata vizuri sana!

Tukachukua njiti za kiberiti. Mia moja tukaivunja ikawa makumi kumi, kumi moja tukaivunja tena ikawa mamoja, akatoa mwenyewe: 224. Kesho mwalimu atataka njia ya daftarini, na hiyo bado hatujaigusa.