Neno la Kijerumani Husomwa kutoka Mkiani

Jioni moja, taksi yetu ikiwa imekwama kwenye foleni ya Wandegeya, Kampala, nilifungua daftari langu la Kijerumani nikakuta Hausschuh na Schuhhaus zimeandikwa pamoja. Haus ni nyumba na Schuh ni kiatu. La kwanza ni kiatu cha kuvalia ndani, la pili ni duka la viatu. Hapo ndipo nilipotambua kwamba kwa wiki kadhaa nilikuwa nikiyasoma maneno ya lugha hiyo kwa mazoea ya Kiswahili, nikidhani linalotangulia ndilo lenye enzi.

Kwetu garimoshi ni gari, nalo gari ndilo linaloamua ngeli. Kwa Wajerumani enzi iko mkiani: Haustür, yaani mlango wa nyumba, huchukua die, kitambulishi cha nomino za jinsia ya kike, kwa sababu ya Tür, ijapokuwa Haus lenyewe huchukua das, cha jinsia isiyo ya kike wala ya kiume. Hata vifaa hufuata mpangilio huo, kwani kipimajoto chetu huanza na kupima, ilhali Staubsauger, mashine ya kufyonza vumbi, huanza na vumbi.

Kilichonisumbua zaidi ni gundi, yaani herufi inayounganisha sehemu za neno. Arbeit ni kazi na Zimmer ni chumba, lakini chumba cha kufanyia kazi ni Arbeitszimmer, na ile s ya katikati si alama ya umilikaji, maana Arbeit, likiwa la jinsia ya kike, halichukui s hiyo popote linapotumika peke yake. Kuna nafuu kidogo: maneno yanayoishia kwa -ung, -heit, -keit au -schaft huidai s hiyo karibu kila mara. Mengine nayakariri tu, kama tulivyokariri majedwali ya kuzidisha.

Kwa kanuni hizo, jimbo la Mecklenburg-Vorpommern lilipitisha mwaka 1999 sheria ambayo jina lake fupi lilikuwa na neno moja la herufi 63, Rindfleischetikettierungsüberwachungsaufgabenübertragungsgesetz, ikafutwa mwaka 2013. Anza na Gesetz, sheria, kisha urudi nyuma: kukabidhi majukumu ya kusimamia uwekaji lebo kwenye nyama ya ng'ombe.

Mwanafunzi mwenzangu alilalamika kwamba maneno haya huficha uhusiano wa sehemu zake, kwa kuwa Olivenöl ni mafuta yaliyokamuliwa kutoka kwenye zeituni, na Babyöl, namshukuru Mungu, sivyo. Nilimkumbusha kwamba sisi nasi husema mafuta ya alizeti na mafuta ya watoto, kwa "ya" ileile, na mwenye duka mtaani kwetu hajawahi kunipa chupa isiyo yake.