Walililia suti ya njano, Storm wetu akapita kimya

Mwezi wa nane mwaka 2024 kijana mmoja anayesoma Maseno alikuja kwenye kibanda changu cha kushonea hapa Kibuye, Kisumu, na kitambaa cha njano mita tatu, cha buluu mita moja, na simu iliyopasuka kioo. Kwenye simu alikuwa na picha ya mwigizaji Hugh Jackman ndani ya suti ya Wolverine, shujaa wa komiki (vile vitabu vya hadithi za picha), ile ya filamu ya Deadpool & Wolverine iliyotoka Julai.

"Anti, nataka hii. Lakini mabega usinipunguzie."

Nilimpima huku akiongea, na aliongea kweli. Mashabiki, akaniambia, wameingoja suti hiyo miaka 24. Wolverine amevaa njano tangu alipochorwa mara ya kwanza mwaka 1974, lakini filamu ya mwaka 2000 ya X-Men, kundi lake la mashujaa, iliwavika wote ngozi nyeusi, na humo humo ndani ya filamu njano ikafanyiwa mzaha. Akanipa pia habari ya kimo. Wolverine wa komiki ni mfupi, kama sentimita 160 hivi, na Jackman anakaribia 190. Nimepima watu miaka kumi na saba. Najua sentimita 30 zinafanya nini kwenye mguu wa suruali, kwa hivyo nilimwelewa.

Nikamuuliza habari ya mwenzake Wolverine, yule mwanamke anayeita mvua: "Na Storm je? Unajua alitoka wapi?"

"Si ni Mmarekani, anti? Ama Misri?"

Niliacha tepu ikining'inia kiunoni mwake. Nilitaka kumjibu palepale, lakini nyuma yake kulikuwa na mama na sare tatu za shule za kupunguzwa. Nikamwambia aje Jumamosi. Niliyotaka kumwambia ni haya.

Mimi nimezaliwa Luanda, Bunyore. Kaka yangu mkubwa alikuwa akibeba marobota ya mitumba hapa hapa Kibuye, na mwaka 1998, nikiwa darasa la sita, aliniletea komiki iliyotoka ndani ya koti la baridi. Mifuko ya mitumba hutoa vitu: tiketi za treni, sarafu za Uingereza, leso yenye jina la mtu. Hii ilikuwa komiki isiyo na jalada, imebanwa na robota hadi ikawa bapa kama chapati. Ndani yake ilikuwa hadithi iliyochapwa mara ya kwanza mwaka 1975, ambamo Profesa Xavier, kiongozi wa X-Men, anazunguka dunia akitafuta watu waliozaliwa na vipawa vya ajabu. Anapita Ujerumani, anapita Kanada, halafu anafika Kenya.

Nilisoma neno hilo mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Kenya. Pale kuna mwanamke mwenye nywele nyeupe, anaitwa Ororo, ndiye Storm, na watu wanamjia kumwomba mvua kwa sababu ukame umewamaliza. Anainua mikono, mawingu yanakusanyika, mvua inanyesha. Mama yake ni binti wa kifalme wa Kenya, baba yake mpiga picha Mmarekani mweusi. Walikufa Cairo nyumba ilipowaangukia, mtoto akafukiwa kifusini na maiti ya mama yake, na tangu siku hiyo hawezi kukaa mahali palipofungwa. Aliishi kwa kuiba katika mitaa ya Cairo, kisha akatembea kwa miguu hadi nchi ya mama yake. Hayo ya Cairo niliyajua baadaye, kutoka komiki nyingine. Siku ile nilijua tu kwamba ni wa kwetu na kwamba ananyeshea watu mvua.

Kwa mtoto wa Bunyore hilo si jambo dogo. Kwetu kuna ukoo wa Nganyi. Ukitaja mvua magharibi ya Kenya, utasikia jina lao. Wana vichaka vyao vitakatifu ambavyo hakuna anayekata mti, wana chungu chao, wanatazama miti inavyochanua na wadudu wanavyotembea na upepo unakotokea, kisha wanasema msimu utakuwaje. Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa imekaa nao chini na kulinganisha wanachokijua wao na kinachosemwa na mitambo. Nikiwa mtoto, mvua ya mawe ikivunja mahindi ya jirani na kuruka ya kwetu, wakubwa walizungumza kwa sauti ya chini.

Kwa hivyo nilimpelekea nyanya ile komiki. Hakujua kusoma. Alitazama picha ya Ororo ameinua mikono, akainama karibu kabisa, akauliza, "Huyu ni wa ukoo gani?"

Sikuwa na jibu, kwa sababu komiki haikuwa nalo. Nasema hili ili nisiwadanganye: Kenya iliyochorwa mle ni nyembamba sana. Ni nyasi, nyumba za udongo na watu waliopiga magoti. Waliomwandika Ororo, Len Wein na Dave Cockrum, walikuwa Wamarekani, na hawakuhitaji zaidi ya jina la nchi. Hata jina Ororo sisi tunalisikia kwa namna yetu. Kwenye Kiswahili ni kitu laini, kama ngozi nyororo ya mtoto mchanga. Lakini walitupa mlango. Swali la nyanya lilikuwa swali ambalo mtu mwingine angekuja kulijibu, na niliamini filamu ndiyo ingelijibu.

Filamu ya mwaka 2000 niliiona Luanda, kwenye kibanda cha video karibu na steji, shilingi kumi, kwenye benchi lisilo na mgongo. Mwenye kibanda alikuwa akitafsiri kwa maikrofoni filamu ikiendelea. Halle Berry, aliyeigiza Storm, alipoingia na zile nywele nyeupe, macho yakageuka meupe na radi ikapiga, yule mtafsiri akapaza sauti: "Huyu mama ni wa hapa Bunyore! Huyu ni wa Nganyi!" Kibanda kizima kilisimama. Watu walipiga mabati kwa ngumi. Yule bwana hakuwahi kusoma komiki hata moja. Aliona mwanamke mweusi akileta mvua, akamrudisha nyumbani mwenyewe.

Miaka mingi baadaye niliitazama tena kwenye DVD, bila mtafsiri, nikasikia kwamba Berry alijaribu lafudhi. Haikuwa lafudhi ya mtu yeyote ninayemjua, lakini ilikuwa jaribio. Mtu fulani alikumbuka kwamba huyu dada ana kwao. Filamu ya pili ikaja mwaka 2003 na lafudhi imetoweka, Storm anaongea Kimarekani kama wenzake. Mwaka 2016, kwenye X-Men: Apocalypse, wakamwonyesha akiwa kijana, Alexandra Shipp akiwa ndani ya nafasi hiyo, akiiba sokoni Cairo. Misri ilibaki, na wizi ulibaki. Ile safari ya miguu kuelekea kwa mama yake, na wale watu waliomngoja wakiwa na kiu, havikuingia.

Nilipoanza kufuatilia mashabiki wa nchi nyingine wanavyogombana juu ya mabadiliko ya filamu hizi, nilidhani nitakuta kilio kikubwa kuhusu jambo hilo. Nilikuta suti ya njano. Nilikuta kimo. Nilikuta habari ya Michael Keaton, ambaye alipochaguliwa kuwa Batman mwaka 1988 inasemekana barua kama 50,000 za kupinga zilitumwa Warner Bros., na filamu ilipotoka mwaka uliofuata watu wakampenda. Nilikuta vita vya utando wa Spider-Man.

Hivyo vya utando navielewa, na nitavitetea. Spider-Man wa mwaka 1962 ni kijana asiye na pesa ambaye anakaa mezani na kutengeneza kwa mikono yake kifaa cha kurushia utando, anakifunga kwenye vifundo vya mikono chini ya nguo. Ni fundi. Utando wake humwishia katikati ya vita, kama uzi unavyoniishia nikiwa nimebakiza kola na mteja amesimama. Filamu ya mwaka 2002 ikautoa utando kwenye nyama yake. Watu waliolalamika waliambiwa wanashikilia mambo madogo. Si madogo! Ukimwondolea kijana yule kazi ya mikono yake umemwondolea kile alichojipatia mwenyewe, ukamwachia kile alichopewa na buibui. Filamu ya mwaka 2012 ilivirudisha vile vifaa, na nilifurahi kama vile ni mdogo wangu amerudishiwa cherehani.

Wala sikatai mabadiliko. Kazi yangu ni kubadilisha nguo. Mtu ananunua koti la mzee wa Uingereza pale kwa marobota, analeta hapa, na jioni ni koti la binti wa Nyalenda. Nakata mikono, nahamisha vifungo, nabana kiuno. Lakini kabla ya mkasi nageuza koti ndani nje na kutafuta ni mshono upi unaolibeba, maana ukifumua huo, bega linaanguka na hakuna pasi itakayolisimamisha.

Black Panther, filamu ya mfalme wa Wakanda, nchi ya kubuni ya Afrika, iligeuzwa hivyo, na aliyeshika mkasi alijua anachotafuta. Februari 2018 onyesho la kwanza la Kenya lilifanyika hapa Kisumu. Lupita Nyong'o, aliyeigiza Nakia, ni binti wa huku, na baba yake ndiye gavana wetu. Wiki mbili kabla ya hapo sikulala vizuri kwa wingi wa vitenge. Kila mtu alitaka kitu cha kuvaa. Wengi wao hawakujua kwamba Nakia wa komiki si yule waliyekwenda kumshangilia. Kwenye komiki za Christopher Priest zilizoanza mwaka 1998, Nakia ni mmoja wa Dora Milaje, anampenda mfalme hadi anapoteza akili na kuwa adui. Dora Milaje wenyewe ni walinzi, lakini pia ni wasichana wanaowekwa kama wake watarajiwa wa mfalme, na walichorwa na magauni mafupi kama wanakwenda dansi.

Filamu ilifumua yote hayo. Nakia akawa jasusi anayeokoa wanawake waliotekwa msituni Nigeria, na ndiye anayemwambia mfalme kwamba Wakanda haiwezi kuendelea kujificha huku wengine wakiteseka. Dora Milaje wakawa jeshi, na Ruth E. Carter akawavika nyekundu na shanga ambazo mtu yeyote wa hapa ataziona na kuwakumbuka Wamaasai. Alipata Oscar ya mavazi mwaka 2019, na mimi nililia hapa kibandani, mguu ungali kwenye pedali. M'Baku naye kwenye komiki tangu mwaka 1969 aliitwa Mtu-Nyani, mtu mweusi aliyevaa ngozi ya sokwe. Jina hilo likaachwa, sokwe akabaki kama ishara ya heshima ya watu wake, na Winston Duke akamfanya kiongozi ambaye ukumbi mzima ulimpenda. Sijakutana na mtu hapa Kisumu anayedai arudishiwe Mtu-Nyani.

Kwa hivyo haya mabadiliko ya Storm nayapima kwa kipimo hicho hicho. Walitoa nini? Walitoa mahali anapotokea, na mama yake, na watu aliowajibika kwao kabla hajawa na wenzake wa X-Men. Wakaweka nini? Hakuna. Wakabakiza mwanamke anayesimama nyuma na kuita ukungu anapoambiwa. Halle Berry angeweza kubeba zaidi ya hayo. Mwaka 2002 alipata Oscar kwa filamu nyingine. Na mashabiki waliohesabu sentimita za Wolverine hawakuona shimo hilo, kwa sababu kwao Kenya ilikuwa mandhari tu. Sisi tulioliona tulikuwa kwenye benchi, Luanda, na barua zetu hakuna aliyejua zitumwe wapi.

X-Men wapya wanaandaliwa sasa, baada ya Disney kuinunua Fox, kampuni iliyotengeneza filamu hizo, mwaka 2019. Nataka Storm aanzie huku. Si lazima iwe Bunyore, ingawa ningefurahi. Nataka awe na kijiji chenye jina, na lugha, na bibi mwenye chungu anayemtazama msichana huyu na kumwambia mvua si yako, umepewa uwanyeshee watu. Wabadilishe nguo wanavyotaka. Hata nywele.

Kijana alikuja Jumamosi saa tisa. Suti ilimkaa, mabega yalikuwa sawa, akajipiga picha sita. Kisha mvua ya ziwani ikaanza, ile ya Kisumu isiyobisha hodi, na Kibuye yote ikakimbilia chini ya mabati. Hakuweza kuondoka. Nikafungua droo ya cherehani, nikamtolea komiki yangu, ambayo sasa ina jalada la karatasi ya kaki nililoishonea mwenyewe. Aliisoma akiwa amesimama, na suti yake ya njano, watu wakimpita na magunia kichwani. Alipofika Kenya aliacha kuzungumza.

Baada ya muda akauliza, "Anti, hapa ni Kenya gani hasa? Hawa ni watu wa wapi?"

Nikamsogezea kiti, nikaanza kumwambia habari za nyanya.