Borgund, halmashauri iliyoishi miaka 100

Asubuhi ile niliondoka Lærdalsøyri, magharibi mwa Norwei, pale maji ya bahari yanapokomea katikati ya milima. Nikalifuata bonde kupanda juu. Nilikuwa naitafuta Borgund. Leo watu wanaijua kwa kanisa lake, lakini kuanzia 1864 ilikuwa halmashauri inayojitegemea, iliyomegwa kutoka Lærdal. Tarehe 1 Januari 1964 ikarudishwa huko huko. Serikali ilikuwa inaunganisha halmashauri ndogo nchi nzima: zilikuwa zaidi ya 740, na kufikia 1967 zilibaki 454. Borgund haikuwa hata na watu 500.

Mimi nimetoka wilaya iliyogawanywa mara mbili tangu nizaliwe. Kugawanywa nakujua. Kumezwa kulinitia huzuni.

Nilipanda Vindhella kwa miguu. Hiyo ni sehemu ya barabara ya mfalme kati ya Oslo na Bergen, iliyochongwa hapa 1793 ili magari ya farasi yapite. Kona zake zimejikunja moja juu ya nyingine, zimeshikiliwa na kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji. Niligusa jiwe moja: limefunikwa kuvu ya kijani, lakini halitikisiki. Mlima ulikuwa mkali mno kwa farasi, hivyo 1843 wakaitengeneza upya.

Kabla sijaliona kanisa vizuri, harufu ya lami ya msonobari ilinifikia, nikakumbuka majahazi yakitiwa kalafati. Limejengwa kwa mbao tupu, mnamo 1180. Nguzo zake hazikuchimbiwa ardhini; zimekaa juu ya boriti zilizolazwa kwenye mawe, ndiyo maana hazijaoza. Mapaa yamepandana, na kwenye ncha vichwa vya joka vimetoa ndimi. Mwaka 1868 waumini walihamia kanisa jipya jirani, kubwa zaidi. Makanisa mengi ya aina hii yalibomolewa karne ile. Hili lilinunuliwa 1877 na chama cha kuhifadhi mambo ya kale, na nakishukuru chama hicho kwa moyo wote.

Ukutani kuna herufi za kale zilizochongwa kwa kisu. Mtu aitwaye Tor ameandika kwamba alizichora jioni, siku ya Mtakatifu Olav. Nilisimama hapo muda mrefu kuliko popote.

Kesho yake basi la Oslo lilipita ndani ya handaki. Borgund ilikuwa upande wa pili wa mwamba, na dirishani niliona giza tu.