Kitabu nilikilipia, kikagoma kumsomea baba

Baba alifundisha historia miaka 31. Alipostaafu alikuwa na hamu moja tu: kusoma vitabu ambavyo mshahara wa mwalimu haukumwezesha kuvinunua. Presha ya macho ikamwahi. Siku hizi anaona mwanga, na kivuli cha mtu akisimama mlangoni. Maandishi hayaoni tena, hata ukiyakuza yakajaa kioo kizima cha simu.

Ndiyo maana nilipokiona mtandaoni kitabu cha Kiingereza kuhusu biashara ya kale ya mwambao wetu, kile alichokuwa akikitaja tangu mimi niko sekondari, sikujiuliza mara mbili. Dola 28, kama shilingi 70,000. Nikalipa palepale kwa kadi ya mtandaoni. Kichwani nilishapanga kila kitu: kitabu kinaingia kwenye simu yake, TalkBack, programu ya simu inayowasomea wasioona kilichoko kwenye kioo, inamsomea, naye hasubiri tena nirudi kazini nimechoka ndipo aniombe, "Mwanangu, nisomee japo kurasa mbili."

Kilichoshuka hakikuwa kitabu. Lilikuwa faili dogo mno, kilobaiti chache tu, jina lake linaishia na herufi acsm. Nikaligusa, simu ikasema haina programu ya kulifungua. Baadaye nikaelewa kwamba faili lile ni kama hati ya kuchukulia mzigo ghalani. Unaikabidhi kwa programu maalumu, programu inataka akaunti yako, kisha inakwenda kuleta kitabu chenyewe. Nacho kinakuja na kufuli, ufunguo wake umefungwa kwenye akaunti hiyo. Ukikihamishia kwenye programu isiyoitambua akaunti hiyo hakifunguki.

Nikafungua akaunti, nikaweka programu kwenye laptopu. Kitabu kikafunguka, kizuri kweli, ramani za Kilwa na Pangani zimo. Nikabonyeza sehemu ya kusoma kwa sauti. Kimya. Nikahangaika na menyu mpaka nikaufikia ukurasa wa ruhusa, mistari mitatu tu. Kunakili: hairuhusiwi. Kuchapa: hairuhusiwi. Kusomwa kwa sauti: hairuhusiwi.

Baba alikuwa amekaa mkekani pembeni yangu, kichwa amekiinamisha upande wa laptopu, anasubiri.

"Bado, mwanangu?"

Nikamwambia mtandao unasumbua. Sikuweza kumwambia kwamba kitabu kipo mbele yetu, kimelipiwa, na kimekatazwa kumsemesha.

Usiku ule sikulala, nilikesha nasoma habari za makufuli haya. Mwaka 2009 Amazon ilipotoa toleo la pili la Kindle, kifaa chake cha kusomea vitabu, lililokuwa na uwezo wa kusoma kwa sauti, chama cha waandishi wa Marekani, Authors Guild, kilipinga, kwa kuwa haki ya kitabu cha kusikiliza huuzwa kivyake. Kampuni ikarudi nyuma, ikawaachia wenye haki waamue kitabu kwa kitabu. Mwaka huohuo ikafuta riwaya za George Orwell kutoka kwenye vifaa vya watu waliokwisha kuzinunua, baada ya kugundulika kwamba aliyeziweka dukani hakuwa na haki nazo. Mwaka 2019 Microsoft nao walifunga duka lao la vitabu, na vitabu vikaacha kufunguka. Kote huko wateja walirudishiwa fedha, lakini fedha si kitabu. Nikajua nilichonunua ni ruhusa ya kusoma, na mwenye ruhusa ana masharti yake.

Fundi mmoja wa Ngamiani niliyemweleza alisema, "Dada, niachie hapa, dakika kumi kufuli imetoka." Sitasema sikutamani. Kilichoniuma zaidi ni kwamba aliyekiiba kitabu hiki anasoma kwa raha zake, mimi niliyelipa ndiye ninayezungushwa. Ila kuvunja kufuli kunakatazwa na sheria za nchi nyingi, Marekani tangu 1998, nami nilitaka kitabu cha baba kiingie nyumbani kwa njia ninayoweza kuisimulia mbele ya yeyote.

Duka halikunisaidia. Nilijibiwa mara mbili kwa maneno yaleyale, kwamba masharti huwekwa na mchapishaji. Basi nikamwandikia mchapishaji mwenyewe, na hili ndilo ninalotaka anayeuguza mzazi mwenye shida ya macho alijue. Wachapishaji wengi hutoa nakala isiyo na kufuli kwa msomaji asiyeona, ukiomba. Duka halikuambii. Niliambatanisha risiti, nikaeleza hali ya baba kwa mistari mitano, nikataja Mkataba wa Marrakesh wa 2013, uliowekwa ili watu kama yeye wapate nakala za vitabu wanazoweza kuzisoma. Tanzania ilijiunga nao mwaka 2020. Kifungu cha 7 kinazitaka nchi zihakikishe kwamba ulinzi wa kisheria wa makufuli hauwanyimi wasioona haki waliyopewa humo.

Siku ya 11 barua ikaja, ya mtu mwenye adabu. Alinitaka niahidi kwa maandishi kwamba nakala haitasambazwa. Nikaahidi, na ahadi naishika. Mjomba ameiomba nimemkatalia. Faili la EPUB, yaani kitabu chenyewe cha kidijitali, lilishuka kwa bando la kawaida, nikaliweka kwenye simu ya baba, nikamwonyesha namna ya kutelezesha vidole viwili ili ukurasa upande.

Sauti ilipoanza alinishika mkono. Ilipofika kwenye jina la Kilwa ikalitamka ovyo, naye akalirekebisha kwa sauti, kama alivyokuwa akifanya darasani.

Tangu hapo silipii kitabu kabla ya kutazama maelezo yake kama kina kufuli, na kama wachapishaji wake wameruhusu kisomwe kwa sauti. Wapo wanaouza bila kufuli kabisa. Wachapishaji Tor wa Marekani walianza mwaka 2012. Kama maelezo hayasemi kitu, naandika kwanza, nalipa baadaye.

Juzi nilirudi saa moja usiku. Nikabisha hodi, nikamwamkia, hakuitikia. Alikuwa kibarazani, vipokea sauti masikioni, kidole juu ya kioo, yuko sura ya saba. Nikapita polepole kwenda kuinjika chai.