Mwanangu alivyotaka kuwa steringi

Mwaka jana mwanangu wa miaka 6 alimpiga mdogo wake mwiko wa kichwa hadi akavimba. Uvimbe ulinitia uchungu, lakini kilichonitisha ni maneno. Alimsimamia, miguu kaitanua, akasema kwa sauti nzito isiyo yake: "Leo ndiyo mwisho wako." Nyumbani kwetu hatusemi hivyo, na televisheni yetu ilikuwa imeungua miezi miwili kabla.

Nikashika kandambili nikamchapa. Huku namchapa namfokea, "Nani kakufundisha kupiga watu?"

Jibu nililipata mtaa wa pili, kwenye kibanda umiza. Sisi wa Mbagala tunavijua: giza, mabenchi ya mbao, spika zinazotikisa mabati, na muvi ya mapigano iliyotafsiriwa na mtu mmoja anayewasemea wote, steringi, yaani shujaa wa muvi, na adui. Kiingilio shilingi 200. Ndiyo hela niliyokuwa nampa anunue mihogo shuleni.

Dada yangu ni mwalimu wa chekechea. Alinieleza jaribio la mwaka 1961 la Albert Bandura wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Watoto wadogo walimtazama mtu mzima akilitwanga kwa nyundo sanamu lililojazwa upepo. Walipoachwa nalo, wakalipiga vilevile, wengine wakirudia hata maneno yake. Mwaka 1963 Bandura akawaonyesha wengine kipigo hicho kwenye filamu, nao wakaiga.

"Sasa," dada akaniuliza, "hiyo kandambili yako, mwanao kaiona kwenye muvi gani?"

Usiku ule sikupata usingizi.

Nikaanzia kwangu, na huko ndiko kulikonichukua muda mrefu kuliko kote, maana mimi mwenyewe nimelelewa kwa fimbo na mkono unanyanyuka kabla sijafikiri. Hela ya mihogo nikaikata. Nikawa namfungia maandazi. Kisha nikamfuata mwenye kibanda. Nikamwambia, "Kaka, sijaja kukuzibia riziki. Ila hawa wenye sare za shule usiwaingize." Akanisikiliza, na mpaka leo anawarudisha mlangoni.

Sisemi kila mtoto atazamaye mapigano atampiga mtu. Wapo waliokaa benchi moja na wangu ambao hawajamgusa yeyote. Wangu aliyabeba, na mimi nikamwongezea.

Televisheni ilipopona sikumfungia. Nilijua nikimkataza kabisa atarudi kule gizani peke yake. Tukawa tunatazama pamoja, mimi nachambua mchicha, namuuliza. Siku moja steringi aliangusha watu kama 10 hivi. Nikauliza, "Hawa mama zao wako wapi?"

Akanijibu bila kugeuka, "Maadui hawana mama."

Nikamwita mdogo wake, nikamwekea mkono wa kaka yake pale palipovimba. Nikamuuliza, siku ile ya mwiko, huyu alikuwa adui? Akanyamaza. Hakuomba radhi, nami sikumlazimisha. Wiki nyingi zilipita nikiuliza na yeye akinijibu nusu nusu, na mara mbili tatu alimsukuma tena mdogo wake.

Mwezi uliopita tulikuwa tumekaa vilevile, adui kapigwa risasi kaanguka. Kabla sijafungua mdomo akauliza yeye: "Mama, nani atakwenda kumwambia mama yake?"

Nikazima televisheni. Tulizungumza mpaka uji ukapoa.