Dola Saba kwa Mwezi: Kikosi cha 54 cha Massachusetts

Kila kinapotajwa Kikosi cha 54 cha Massachusetts, askari weusi wa miguu waliopigania upande wa Muungano, yaani majimbo ya Kaskazini dhidi ya yale ya Kusini yaliyojitenga, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, wasimulizi wengi huanza na kuishia kwenye jioni moja ya Julai 1863. Nami nilikijua kikosi hiki kwa njia hiyo hiyo. Hata hivyo, kadiri ninavyoisoma historia yake, ndivyo ninavyovutwa zaidi na daftari la mishahara kuliko ramani ya mapigano, kwa kuwa askari hawa walipigana kwa karibu mwaka mmoja na nusu bila kupokea hata senti, na waliokataa kupokea walikuwa wao wenyewe.

Kikosi kiliundwa mapema mwaka 1863, baada ya Rais Abraham Lincoln kutoa Tangazo la Ukombozi, lililowatangaza huru watumwa wa majimbo yaliyoasi, na Gavana John Andrew wa Massachusetts akapata kibali cha kuandikisha watu weusi. Walitoka majimbo mengi ya Kaskazini, na wengine Kanada. Wengi wao walikuwa wamezaliwa huru. Wana wawili wa Frederick Douglass, mpinga utumwa mashuhuri mweusi, Lewis na Charles, walijiandikisha. Maofisa walikuwa Wazungu, na kanali wao, Robert Gould Shaw, alikuwa na umri wa miaka 25 tu. Tarehe 28 Mei walipita kwa gwaride katika mitaa ya Boston, kisha wakapanda meli kuelekea South Carolina.

Kazi yao ya mwanzo haikuwa ya kujivunia. Mwezi Juni walishirikishwa katika kuupora na kuuteketeza mji mdogo wa Darien, Georgia, kwa amri ya Kanali James Montgomery, jambo lililomchukiza sana Shaw. Tarehe 16 Julai, katika kisiwa cha James, walisimama imara na kuwapa askari wa Connecticut nafasi ya kuepuka kuzingirwa. Siku mbili baadaye, wakiwa wachovu na wenye njaa, walipangwa safu ya mbele kuishambulia Ngome ya Wagner.

Ngome hiyo ya mchanga na magogo ilikuwa imekiziba kisiwa cha Morris, penye lango la bandari ya Charleston. Njia ya kuifikia ilikuwa ukanda mwembamba wa ufuko, bahari upande mmoja na kinamasi upande wa pili. Mizinga ya Muungano iliipiga mchana kutwa, lakini walinzi wake wengi walikuwa salama handakini. Kati ya askari wapatao 600 wa Kikosi cha 54, 272 waliuawa, walijeruhiwa au walitoweka. Shaw aliuawa juu ya ukuta wa ngome, akazikwa katika shimo moja na askari wake. Adui alikusudia kumdhalilisha, ila baba yake alisema hapakuwa na mahali pa heshima zaidi pa kumlaza mwanawe. Sajini William Carney, ingawa alikuwa amejeruhiwa vibaya, aliirudisha bendera, na ilimbidi angoje hadi mwaka 1900 ndipo apewe Nishani ya Heshima.

Sasa nirudi kwenye daftari. Walipoandikishwa waliahidiwa dola 13 kwa mwezi pamoja na sare, sawa na askari Mzungu. Serikali ikawageukia kwa kutumia sheria ya mwaka 1862, iliyowatazama watu weusi jeshini kama vibarua: dola 10, na humo zikatwe 3 za mavazi. Wakazikataa hizo saba. Jimbo la Massachusetts lilipojitolea kuijaza tofauti, wakakataa pia, na hapa ndipo ninapowastaajabia zaidi, kwa maana nyumbani wake na watoto walikuwa na shida kubwa. Hoja yao haikuwa kiasi cha fedha. Kuipokea fidia ya jimbo kungekuwa kukubali kwamba Serikali ya Muungano ilikuwa na haki ya kuwapunja. Heri kufa macho kuliko kufa moyo. Wala kupinga hakukuwa mchezo: Sajini William Walker, wa kikosi kingine cha weusi, aliwaongoza wenzake kuweka silaha chini kwa sababu hiyo hiyo, akapigwa risasi kwa kosa la uasi Februari 1864.

Mwezi huo huo, huko Olustee, Florida, Kikosi cha 54 kilisaidia kuwakinga wenzao waliokuwa wakirudi nyuma. Inasimuliwa kuwa waliingia vitani wakitaja kwa kejeli Massachusetts na dola saba kwa mwezi.

Juni 1864 Bunge liliwasawazishia mishahara wale tu waliokuwa huru kufikia tarehe 19 Aprili 1861. Kanali Edward Hallowell, aliyemrithi Shaw, akatunga kiapo ambacho hata aliyekuwa mtumwa angeweza kukila kwa dhamiri safi: kwamba siku hiyo hakuwa na deni la kazi kwa mtu yeyote. Fedha zililipwa mwishoni mwa Septemba.

Koplo James Henry Gooding hakuzipokea. Ndiye aliyemwandikia Lincoln, Septemba 1863, akimuuliza kama wao walikuwa askari au vibarua. Alijeruhiwa na kutekwa Olustee, akafia katika gereza la Andersonville Julai 1864, mwezi mmoja baada ya sheria ile kupitishwa.